Maiti Arobaini na Moja za Lucky Summer

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta Andati, na mwenyewe hukisimulia kisa hiki bila kuombwa.

Tangi la Mwelu, nyuma ya nyumba yake mtaani Lucky Summer, lilikuwa na kamba wa maji baridi mia mbili. Asubuhi hiyo walielea arobaini na moja tu, hawatikisiki. Andati akaandika: maiti. Kisha akamtia pingu Gitonga, aliyemuuzia Mwelu madini ya kuchanganya kwenye chakula chao: unga wa zinki wenye chembe ndogo hata hadubini ya shule haizioni.

"Umewaua!"

"Afande, unga huu huwakuza."

"Wamekua mpaka mbinguni?"

Mwelu akainua maiti mmoja kwa sharubu. Mwanga ukapita ndani yake.

"Inspekta, nyama iko wapi? Kamba akikua hujivua ganda. Umehesabu maganda."

Koplo Triza alicheka hadi akashika ukuta. Andati akafungua pingu.

"Basi wameibwa," alisema. "Lakini ganda huelea?"

"Likivuliwa huzama. Haya ni makavu. Nayaweka stoo, niwasagie kuku."

"Kwa hivyo kuna aliyeyamwaga hapa tudhani wamekufa. Nani ana ufunguo wa stoo?"

"Mimi na Mativo, anayewalisha."

Wakaenda wote kwa Mativo, mtaa wa Jericho. Alifungua mlango nusu.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kanisani, afande."

"Na viatu vimelowa chapachapa. Ulibatizwa upya?"

Nyuma ya pazia pampu ya hewa ilikuwa ikinguruma. Triza alilivuta: tangi la plastiki, kamba tele, wazima.

"Ni mimi," Mativo alisema. "Miezi mitano nawalea! Nabadilisha maji, nawatenga wasilane. Mgeni akija, sifa zote ni za unga. Nilitaka umfukuze Gitonga, mama Mwelu, halafu nikuletee kamba wako wakiwa wanono."

"Na mimi nioze selo?" Gitonga alifoka.

"Unga wako si kitu! Hawa ni kazi ya mikono yangu. Hawauhitaji hata kidogo!"

Mwelu alikuwa ameinama kando ya tangi. Aliinuka na kopo la unga wa Gitonga, kifuniko wazi, kijiko ndani.

"Sawa, Mativo. Na hili ulilibeba la nini?"