Pumzi Kwenye Sensa

Sensa ya kupimia moshi wa magari ilikuwa imening'inia kwenye msumari, mbali na gari lolote, na namba zake zilikuwa zikitembea.

Fundi Koleo aliikodolea macho saa ya vipimo iliyounganishwa nayo. Sensa ya namna hiyo hufungwa kwenye bomba la moshi ili ipime kama injini inachoma mafuta mengi au hewa nyingi, lakini kwanza huachwa kwenye hewa safi, na saa hutulia palepale: oksijeni asilimia ishirini nukta tisa. Ukiipumulia, namba inashuka. Ndiyo maana mkewe, anayemsaidia kazi za kompyuta, hugeuza uso kila anapopita karibu na sensa yoyote, na Koleo humtania kwamba anaiogopa kuliko mama mkwe.

Sasa ilishuka hadi kumi na saba, ikapanda, ikashuka tena, kama mtu aliyelala.

"Umeitoa wapi?" mkewe alinong'ona.

"Kwenye lile gari lililopinduka."

"La marehemu? Si mama yake alikusihi usiguse kitu?"

Koleo aliitungua msumarini. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Aliitupa jalalani, asubuhi akaikuta msumarini. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa karakana, na mchana kweupe, mashine zote zikiwa zimezimwa, pumzi ile ikaanza kusikika nyuma ya kiti cha mkewe, karibu, karibu zaidi, mpaka mama wa watu akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa, na Koleo, aliyempenda kuliko mboni ya jicho lake, akakimbia kumwita mganga.

Mganga, bibi mfupi mwenye sauti kavu, alifukiza ubani akatazama saa.

"Jini halina pumzi," alisema. "Hizo ni za marehemu, limeziazima. Nitazirudisha kwa mwenyewe. Fungeni midomo mpaka niseme. Likizikosa hizo, litaingia kwenye mdomo wowote ulio wazi."

Walifunga. Moshi ulipanda, bati likagongwa juu, kitu kikalia ndani ya bomba la moshi la gari lililokuwa pembeni, na katikati ya kilio hicho mkewe akakohoa, mara moja tu.

Kukawa kimya. Namba ikapanda hadi ishirini nukta tisa, ikatulia. Mganga akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Koleo alilia kwa furaha. "Limetoka, mke wangu!"

Mkewe alisogea kwenye sensa. Hakugeuza uso. Aliinama mpaka midomo ikakaribia kuigusa.

"Limetoka, mume wangu," alisema taratibu. "Usiogope tena."

Koleo alitazama saa. Ishirini nukta tisa.