Posho ya Mdomo

Mama mwenzangu, angalia yasikupate yaliyompata Jerusa.

Jumamosi katika laini, nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, ni siku ya posho, unga wa wiki. Jerusa alipanga mstari stoo na wenzake. Alipopimiwa unga, Mosoti mwenye duka akaubeba.

"Huu wangu," alisema. "Obiero aliniuzia Jumatano, kwa mdomo."

Ni kweli. Phelix Obiero, mume wa Jerusa, aliuza posho kabla ya kuipata. Kaka ya Jerusa alikuja kuwatembelea, na Phelix aliona aibu kumpa shemeji yake mboga. Kwa pesa hiyo akanunua nyama. Haikuwa mara ya kwanza.

Jumatatu Jerusa alinunua unga dukani, bei juu. Alitumia pesa ya shule ya binti yao, Celine. Na mwalimu alikuwa amesema mtoto asiyelipiwa atabaki nyumbani! Jerusa akakosa usingizi. Phelix akiulizwa, anafoka tu.

Bilhah, jirani yake, alimkuta akichuma chai huku analia.

"Mama Celine, unga unanunua wapi?"

"Kwa Mosoti."

"Na posho yako inakwenda wapi?"

"Kwa Mosoti."

"Huyo anakupenda! Anakuwekea unga wako, halafu anakuuzia."

Jerusa akacheka, machozi bado yanatoka.

"Sasa sikia," Bilhah alisema. "Mwambie mwalimu ukweli mapema, angoje mshahara. Siku ya mshahara toeni ya shule kwanza, kabla ya kupita dukani. Panda mboga nyuma ya nyumba. Na ongea na mume wako akiwa ameshiba. Mwenye njaa hasikii."

Jerusa alifanya hivyo. Phelix, akiwa ameshiba, akasema, "Niliogopa watu wa kwenu watanicheka."

Mwalimu alikubali kungoja. Mshahara ulipotoka, ya Celine ikalipwa kwanza. Kisha shemeji akaja tena.

"Shemeji," Phelix alisema, macho chini, "leo nyama hakuna. Ni ugali na mboga."

"Afadhali!" shemeji akasema. "Mnanipa nyama kila mara, na mimi mkija kwangu lazima nitafute nyama. Nimechoka!"

Wote wakacheka mpaka Celine akauliza kuna nini.

Jumamosi Mosoti alisimama karibu na stoo. "Obiero, leo huna ya mdomo?"

"Mdomo wangu sasa ni wa kula ugali," Phelix akajibu.

Jerusa alijitwika gunia lake la unga mwenyewe. Usiku huo alilala mpaka kengele ya kanisa ikamwamsha.