Mwanamke Aliyeshika Skripti

"Mwigizaji wa kwanza duniani alikuwa nani?" Kaveke aliuliza.

Vijana kumi na wanne, wanachama wapya wa kikundi cha maigizo cha mji wa Wote, walikuwa wamekaa sakafuni ukumbini.

"Hakuna anayejua kwa uhakika. Lakini Wagiriki wana hadithi yao. Zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano iliyopita walikuwa wanaimba na kucheza kwa pamoja kumsifu mmoja wa miungu yao. Ilikuwa kwaya tu. Halafu siku moja mtu mmoja akatoka kwa mstari, akasimama kando, akaanza kujibizana na wenzake. Hapo ndipo mchezo wa kuigiza ulizaliwa."

"Huyo alikuwa na roho ngumu," alisema Tima, msichana wa Kitui mjini ambaye ndiye aliyepewa nafasi kubwa katika mchezo wao mpya.

"Ngumu kabisa. Sasa, mchezo ukiisha kwa kilio, mtu mkubwa ameanguka kwa makosa yake mwenyewe, tunauitaje?"

"Tanzia!"

"Na ule wa kuchekesha?"

"Futuhi!"

"Vizuri. Na msidhani mchezo ni waigizaji peke yao. Kuna mwelekezi, anaamua hadithi ionekane vipi. Kuna mtu wa taa. Kuna mtu wa maleba, zile nguo mnavaa jukwaani. Halafu kuna msimamizi wa jukwaa, ndiye mimi. Nashika skripti, nikisema ingia, unaingia. Onyesho likianza, hata mwelekezi anakaa chini kama mgeni mwingine."

Walikuwa bado wanacheka mlango ulipofunguliwa. Mulwa aliingia, na nyuma yake mzee mrefu wa koti la kijivu.

Mulwa ndiye aliyekuwa mwelekezi. Pia, kwa miaka miwili, alikuwa mpenzi wa Kaveke. Wiki iliyopita tu alikuwa amemwapia kwamba angemwambia baba yake kuhusu yeye, ili wazee wafunge safari ya kwenda kwao Nuu kumposa. Kaveke alimtambua yule mzee mara moja kwa ile pua, sawa na ya Mulwa. Ni baba yake, Jonah Ndululu, mzee wa kanisa kule Kasikeu.

"Karibu sana, mzee," alisema, akampa mkono.

"Asante. Na wewe, msichana wangu, unafanya kazi gani hapa?"

Kabla hajafungua mdomo, Mulwa alirukia jibu.

"Huyu anatusaidia tu, baba. Anapanga viti."

Tima alimtazama Mulwa kama mtu aliyekanyagiwa mtoto.

"Hiyo ni sawa, ni kazi ya mikono," mzee alisema. "Wenye sielewi ni hawa waigizaji. Mtu mzima anasimama mbele ya watu akidanganya eti yeye ni chifu. Haya Mulwa, twende. Pasta anatungoja nyumbani na binti yake."

Wakatoka. Mulwa hakugeuka nyuma.

Saa kumi jioni simu ya Kaveke ililia.

"Kaveke, tafadhali nisikize."

"Nakusikia."

"Unajua vile baba yangu yuko. Ningemwambia wewe ni mtu wa maigizo, angekukataa hapo hapo. Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unajilinda wewe. Na huyo binti wa pasta?"

"Hiyo ni mipango ya baba. Mimi sijakubali chochote."

"Ulimwambia umekataa?"

"Nitamwambia."

"Mulwa, ulimwambia?"

"Bado."

"Basi sikia. Jumamosi tuna onyesho, na mimi siwezi kuwaangusha wale watoto. Kazi tutafanya. Lakini mambo ya mapenzi yameisha, mpaka siku utaweza kutamka mbele ya baba yako mimi ni nani."

Akakata simu. Kisha akakaa kwenye ngazi za ukumbi, akalia mpaka leso ikalowa.

Siku nne zilizofuata Mulwa alituma meseji kila asubuhi.

"Nimekosa. Nipe nafasi moja."

"Kaveke, sijalala."

Jibu alilopata lilikuwa moja tu: "Kesho mazoezi ni saa tatu. Usichelewe."

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Watu walikuwa wametoka mpaka Mwingi na Machakos, na kulikuwa na wageni wawili kutoka Kitui waliokuja kutafuta mchezo wa kuzungusha kaunti yao. Mzee Ndululu pia alikuwepo, safu ya pili, mikono ameikunja. Mulwa alikuwa amemwomba aje aone mara moja tu.

Dakika kumi kabla ya kuanza, mlipuko ulisikika nje. Transfoma. Taa zote zikazima, spika zikanyamaza. Ukumbi ule ulikuwa na vidirisha vidogo juu kabisa, kwa hiyo giza likawa la kupapasa. Watu wakaanza kupiga miluzi.

Mulwa alikuja mbio nyuma ya pazia, jasho likimtoka.

"Tumekwisha. Watu wa stima wanasema haitarudi mpaka Jumatatu. Nitatoka niwaambie tumeahirisha."

"Usitoke," Kaveke alisema.

"Kaveke, hakuna taa! Hakuna maikrofoni!"

"Hao Wagiriki walikuwa na maikrofoni gani? Walikaa kwa mteremko wa kilima, jua likiwaka, maelfu ya watu, na wote walisikia. Huku nyuma si kuna mteremko?"

Mulwa alimkodolea macho.

"Tima!" Kaveke aliita. "Leo hakuna wa kukusaidia na sauti, itoke tumboni. Nyinyi wanne, bebeni pazia na nguzo. Wewe, usisahau lile bati tunalotikisa liwe radi. Watu wakae juu, jua liwe mgongoni mwao, liwamulike waigizaji usoni. Tuna dakika ishirini."

"Na mimi nifanye nini?" Mulwa aliuliza, sauti ya chini.

"Wewe beba benchi za wazee."

Akabeba. Watu mia nne walimfuata Kaveke nje wakinung'unika, wakakaa kwenye nyasi kavu za ule mteremko. Alipanga kila kitu kwa kunyoosha kidole tu. Kisha akaingia nyuma ya pazia na skripti yake, akahesabu tatu, akaamuru bati litikiswe.

Radi ililia mchana kweupe. Manung'uniko yakakatika.

Ulikuwa mchezo wa ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba, mkubwa akikataa kila shauri mpaka mdogo wake anakufa mikononi mwake. Tima, aliyeigiza mama yao, alipopiga goti na kuita jina la marehemu bila spika, bila chochote, sauti ilipanda ule mteremko mpaka kwa waliokaa mwisho kabisa. Mama mmoja alianza kulia kwa nguvu. Mzee Ndululu alivua kofia, akaishika kifuani, na haikurudi kichwani mpaka mchezo ulipoisha.

Kisha makofi. Watu walisimama, wakapiga miluzi tena, lakini miluzi hii ilikuwa nyingine.

"Mwelekezi! Mwelekezi!" wakaita.

Mulwa alitoka mbele. Akatazama watu, akatazama baba yake, akameza mate.

"Asanteni. Lakini si mimi wa kuitwa. Taa zilipozima mimi nilitaka kuwarudisha nyumbani."

Akaenda nyuma ya pazia. Kaveke alikuwa amesimama pale, kalamu nyuma ya sikio, vumbi mpaka magotini.

"Njoo."

"Mulwa, sitaki maigizo mengine."

"Si maigizo. Tafadhali."

Alitoka naye.

"Huyu ni Kaveke wa Nuu, msimamizi wa jukwaa. Kila kitu mmeona leo, mtu akiingia, radi ikilia, hata mahali mlipokaa, ni yeye." Akageukia safu ya wazee. "Baba, nilikudanganya. Nilikuambia anapanga viti kwa sababu nilikuogopa. Huyu ndiye mwanamke ninayempenda, miaka miwili sasa. Binti wa pasta ni mtu mzuri, lakini sitamuoa."

Mzee Ndululu alisimama polepole, akashuka mpaka mbele ya mwanawe.

"Nilisema waigizaji ni waongo," alisema. "Kumbe hapa mwongo ni mmoja tu, na ni wangu mimi."

Mteremko mzima uliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alimgeukia Kaveke.

"Mama, ndugu yangu mdogo anaitwa Musyimi. Hatujasalimiana miaka tisa, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kesho naenda kwake. Na kijana wangu amekukosea. Utamsamehe?"

Kaveke alimtazama Mulwa. Macho ya kijana yalikuwa yamejaa maji, na safari hii hakuangalia pembeni.

"Nimemsamehe, mzee. Lakini benchi azirudishe mwenyewe."

Kicheko kingine kikalipuka. Wale wageni wa Kitui walikuwa tayari wanasukumana kushuka, mmoja ameshika kalenda.

Mwezi wa nane wazee wa Kasikeu walifika Nuu na mbuzi watatu wa ntheo, na bila hao Mkamba hajaoa. Walikuja ndugu wawili, Ndululu na Musyimi, kila mmoja akimvuta mbuzi wake, wa tatu akivutwa na Mulwa. Kaveke aliitwa mbele ya ukoo.

"Mwanangu, hawa watu unawajua?" mama yake aliuliza.

"Nawajua, mwaitu."

"Tuwapokee?"

"Wapokeeni."

Vigelegele vilipasua hewa. Vilipotulia, Musyimi alisafisha koo, akauliza kama harusi ingewezekana mwezi ujao.

"Itakuwa Desemba," Kaveke alisema. "Kabla ya hapo nina maonyesho sita, Kitui na Mwingi."

Wazee walitazamana. Mzee Ndululu alitoa simu mfukoni, akavaa miwani.

"Nisomee hizo tarehe polepole," alisema, "nataka kuyaona yote."