Soda Katika Robine ya Maman Feza

Huko Bagira, mtaa wa mjini, maji ya robine, yaani koki ya bomba, huja na kwenda. Hakuna anayejua saa yake. Kwa hiyo watu wamezoea kuyatega.

Kutega maji ni hivi. Unafungua robine ingali kavu. Unavuta tiyo ya mpira kutoka kwenye robine mpaka ndani ya pipa. Unafunga jiwe kwenye ncha ya tiyo, ili isiruke nje. Kisha unaenda kwenye kazi zako. Maji yakirudi, yanakuta pipa linayangoja.

Maman Bibiane alijua sana kutega maji. Aliyahitaji kuliko wengine, kwa sababu alipika sabuni. Mafuta ya mawese yalimfikia kutoka Uvira. Soda, ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, alinunua soko la Nyawera, na sabuni yake aliuza palepale. Mume wake, Papa Ignace, alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, naye alipenda kusema kwamba nguo zote za Bagira zimepita mikononi mwake na kisha katika sabuni ya mke wake.

Chini ya parsele yao, yaani kiwanja chao, kwenye mteremko, alikaa Maman Feza. Yeye aliuza sambaza, visamaki vya ziwa. Tiyo moja ya chuma ilishuka kutoka barabarani. Ilitoa maji kwanza kwa Bibiane, kisha iliendelea chini mpaka kwa Feza. Wanawake hao wawili walikuwa wamepeana chumvi, moto na watoto wa kubeba. Lakini juma lile hawakusalimiana. Maji machafu ya sabuni yalikuwa yameshuka na kuunguza lengalenga za Feza, mboga za bustani yake, na maneno makali yalitupwa juu ya ua.

Jumamosi ilifika, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Asubuhi hiyo maji yalikuja. Maman Bibiane alifurahi. Aliyaacha yaingie katika pipa, akamimina soda polepole ndani ya maji, akakoroga kwa mti mrefu. Maji yaliendelea kuingia kidogokidogo. Tiyo ilikuwa imezama na jiwe lake. Mara filimbi ya chef wa avenyu, mkuu wa barabara yao, ikalia.

“Salongo! Salongo! Citoyens, tokeni!”

Bibiane alichukua jembe, akatoka. Robine aliiacha wazi kama kawaida yake.

Maman Feza hakwenda salongo. Binti yake mdogo, Mosi, alikuwa na kikohozi. Feza alisikia maji yakilia ndani ya robine yake, akafungua. Yalitoka kwa nguvu, kisha yakapungua. Mji ulikuwa umekata maji. Yalibaki yakitiririka membamba tu. Akakinga kikombe, akampa mtoto.

Mosi alikunywa funda moja. Akatupa kikombe, akapiga kelele.

Feza aligusa yale maji kwa vidole. Yaliteleza. Akayanusa, akatazama juu, kwenye ua wa Bibiane.

“Yoo! Batu ba Mungu! Bananiulia mutoto!”

Watu waliacha majembe, wakakimbia. Bibiane alikimbia pamoja nao. Alimkuta Mosi mapajani mwa mama yake, midomo imevimba, mate yanatoka.

“Umekuya kuangalia kazi yako?” Feza alimwuliza. “Juu ya lengalenga, Bibiane? Juu ya majani tu, unatia sumu mu robine yangu?”

“Feza, mi sikutia kitu.”

“Gusa basi! Gusa, useme hii ni nini!”

Bibiane aligusa. Mkono wake ulijua mara moja. Ilikuwa soda. Hakuelewa imefikaje pale. Lakini alijua soda inafanya nini kinywani, maana iliwahi kumuunguza yeye mwenyewe.

“Usimutapishe,” alisema. “Ile kitu ikipanda, itamuunguza tena. Asukutue kinywa na maji safi, ateme, asukutue tena. Kisha dispanseri. Niko na bidoni ya jana, maji ya chemchemi.”

Alikwenda mbio, akarudi na bidoni, dumu la maji, na kikombe. Feza akamfunika mtoto kwa kikwembe chake.

“Maji yako tena? Hapana.”

Kila mtu pale alijua desturi. Anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza, ili uone hakuna kitu. Kati ya Bibiane na Feza desturi hiyo ilikuwa imekwisha zamani. Walikunywa tu, bila kuonja. Sasa Bibiane alijaza kikombe, akakiinua mbele ya macho ya wote, akanywa chote.

“Tazama. Nimeonja. Sasa mupe mutoto.”

Feza akachukua bidoni. Akamsukutua mtoto kinywa, akamwambia ateme, kisha akambeba mbio.

Pale dispanseri muuguzi alimtazama Mosi kinywani kwa muda mrefu. Kisha alisema funda lilikuwa dogo, tena kinywa kilisafishwa mapema. Mtoto atapona. Apewe uji uliopoa na maziwa, na kama akishindwa kumeza arudishwe upesi.

“Mungu ni mukubwa,” alisema Feza, akalia kwa mara ya kwanza.

Lakini kwenye avenyu maneno yalikuwa yamewaka. Sumu ni neno zito huko Bagira. Likikushika, watu hawanunui tena kwako, hawali kwako, na mwishowe unafunga vitu vyako unahama. Papa Modeste, chef wa avenyu, alikuja mchana, akasimama mlangoni bila kuingia.

“Maman Bibiane, kesho kisha misa tutaikala wote hapa. Utaeleza namna gani soda yako ilifika mu nyumba ya mwenzako. Usipoeleza, mi siwezi kuzuia batu.”

“Papa Modeste, hata mi sijue! Nilikuwa na wewe ku salongo!”

“Njo maana nakuuliza,” alijibu, akaenda zake.

Bibiane alikaa chini karibu na pipa, akashika rozari yake. Ignace alizunguka uani.

“Labda mutu aliruka ua,” alisema.

“Nani? Kuku?”

“Mi natafuta tu, mama. Usinirukie na mimi.”

Ndipo Ignace alipokumbuka mtu. “Amuri! Amuri anatengeneza tiyo za kiwanda cha chai. Tumuite.”

Papa Amuri alikuwa mtu wa Uvira, mnene, mwenye kucheka. Alikaa avenyu ya pili. Siku hiyo hakucheka. Alitazama robine, akatazama tiyo ya mpira, akachungulia ndani ya pipa.

“Maman, uliacha maji mpaka wapi?”

“Mpaka hapa.” Bibiane alionyesha alama nyeupe ya soda kwenye ukingo wa ndani. Maji yalikuwa chini ya alama kwa zaidi ya kiganja.

“Nani alichota?”

“Hakuna.”

“Basi yalitoka yenyewe. Na njia iko moja tu.” Aliivuta tiyo pamoja na jiwe lake. “Hii.”

“Hapana, Papa Amuri. Hii inaleta maji. Haiondoe.”

“Nani aliiambia hivyo? Tiyo haina kichwa wala mukia. Inapeleka maji kule kunakoshuka. Usilale na mawazo, maman. Kesho batu bote bataona kwa macho.”

Jumapili, baada ya misa, avenyu nzima ilijaa uani. Feza alikaa mbali, Mosi mgongoni. Kwa bahati maji yalikuwa yanakuja. Amuri alikuwa ameosha pipa vizuri, akalijaza maji safi nusu. Akatia ndani bluu ya kufulia nguo, mpaka maji yakawa kama anga. Akazamisha tiyo na jiwe, akafungua robine. Maji yakaingia.

“Jana ilikuwa hivi?”

“Hivi kabisa,” alisema Bibiane.

“Papa Modeste, panda ku barabara, ufunge vane, koki kubwa ya ile tiyo ya chuma. Sisi tunajifanya mji umekata maji. Na wewe Maman Feza, nakuomba, shuka ufungue robine yako. Usikunywe! Uangalie tu.”

Modeste alifunga. Feza alishuka na wanawake wengine. Wakafungua robine. Kisha sauti ya Feza ikapanda kutoka chini.

“Iko nyeupe... iko nyeupe... Yee! Bluu! Bluu inatoka!”

Watu waligeuka kutazama pipa. Maji yalikuwa yanashuka, na hakuna aliyeyagusa.

“Mumeona?” Amuri alisema. “Mji ukikata, hakuna tena kinachosukuma toka juu. Maman Feza kule chini amefungua. Maji yaliyo mu tiyo yanashuka kwake, na yakishuka yanavuta yale ya nyuma. Kama vile unafyonza pombe na mrija. Tiyo ya mpira imezama mu pipa, basi inafyonza pipa. Jana pipa lilikuwa na soda. Hakuna mutu aliyetia sumu. Jiwe lile ndilo lilishikilia tiyo ndani.”

Mzee mmoja aliinua mkono. “Sasa mi pipa yangu ninaweka dawa ya ng'ombe, na tiyo iko ndani...”

“Toa leo, muzee! Jirani yako wa chini anakunywa dawa ya ng'ombe bure!”

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu jana. Jirani wake wa chini hakucheka.

Amuri alifungua mfuko wake. “Kiwandani tatizo hili tunalijua. Tuko na shodiere, chungu kikubwa kinachotoa mvuke wa kukausha chai. Pompe inasukuma maji ndani. Pompe ikisimama, mvuke unataka kurudisha maji ya moto mpaka ku pompe. Unafikiri tunaweka mulinzi pale? Tunaweka hii. Jina lake klape.”

Alitoa kipande cha shaba, kizito, kama ngumi. Ndani kulikuwa na kibao cha duara kilichoning'inia kwenye bawaba.

“Huu ni mulango. Maji yakienda mbele, yanausukuma, unafunguka. Yakitaka kurudi, yanaufunga yenyewe. Nguvu ya kurudi ndiyo inafunga.”

“Mulango wa kwenda tu,” alisema mwanamke mmoja.

“Njo hivyo! Huu ni muzuri ku tiyo kubwa, ikilala ao ikipandisha maji. Lakini maji yakiwa yanashuka, kibao kinaning'inia wazi, hakifunge.”

Akatoa kingine, akakitikisa. Kililia ndani. “Hapa kuko mupira wa chuma. Maji yanauinua, yanapita. Yakirudi, mupira unaanguka juu ya shimo, unaziba. Huu usimame wima, maji yapande. Ukiulaza, mupira unapotea njia.”

Cha tatu kilikuwa kidogo. “Hapa kuko resori, springi ndogo kama ya kalamu ya bic. Inasukuma kifuniko kifungwe kila wakati. Maji ya mji yako na nguvu ya kuishinda. Yakipoteza nguvu, resori inafunga kabla maji hayajaanza kurudi. Huu unafaa ulale, usimame, ushuke. Kwa Maman Bibiane tiyo inashuka. Tutaweka huu. Tena kuko ya ine, inakaa chini ku muguu ya pompe, mu ziwa, na kichujio. Ile inashika maji ili pompe isikauke. Lakini ninyi hamuna pompe, tuiache.”

Papa Ignace alitaka kusaidia. Alishika ufunguo wa kukazia, akafunga klape mbele ya robine. Modeste akafungua vane. Hakuna hata tone.

“Papa Ignace,” Amuri aliuliza, “mushale ulioandikwa hapa juu, uliuelekeza wapi?”

“Kule maji yanakotokea, ku barabara. Mulinzi si anaangalia mulango adui anapoingilia?”

“Mushale si mulinzi, ndugu yangu. Mushale ni maji yenyewe. Unaonyesha kule yanakwenda. Umefungia mji wote inje!”

“Alishona mukono wa shati ndani-inje,” alisema Bibiane, na uani kukacheka tena. Ignace alifungua, akageuza. Maji yakaja. Modeste akafunga vane tena, Feza akashuka kufungua robine yake. Matone machache, kisha kavu. Katika pipa ile bluu haikusogea.

Amuri hakufurahi upesi. “Sikilizeni. Klape ni chuma. Muchanga unaweza kukaa ndani, isifunge. Kwa hiyo kuko dawa ya kwanza, haiuzwe. Ncha ya tiyo isiguse maji kamwe. Ifungeni ku mti, ikae kiganja kizima juu ya pipa. Hapo katikati kuko hewa, na tiyo haiwezi kufyonza kitu ambacho haikigusi. Tena soda, maman, usiichanganye tena mu pipa ya kukingia maji. Tafuta beseni yake peke yake.”

Bibiane alifungua kamba, akalitoa lile jiwe. Akalitupa nje ya ua mbele ya wote.

Siku zilizofuata, miti ilisimama kwenye mapipa ya avenyu yote, na tiyo zikining'inia hewani kama shingo za kuku. Wenye dawa na wenye soda waliomba Amuri awawekee klape. Papa Modeste alipita kila salongo akichungulia mapipa. Maji bado yaliondoka bila kuaga. Ila hayakurudi tena na kitu cha jirani.

Mosi alipona. Siku alipoanza kula sambaza tena, alipanda kwa Bibiane na mama yake. Feza alibeba mche wa lengalenga, amefunga mizizi kwa jani la mgomba.

“Upande huku kwako,” alisema. “Zikiungua, tutajua ni nani.”

Bibiane alicheka, akafuta kiti. Jua lilikuwa kali. Alifungua robine, akajaza kikombe, akakiinua kwenye midomo yake aonje kwanza, kama ilivyompasa sasa.

Feza alinyoosha mkono, akakichukua kabla hakijafika.

“Wacha,” alisema. Akanywa yeye wa kwanza.