Maziwa ya Kathini

Watu wa Kitengela, nimezunguka sana na miguu imechoka, lakini hii niwaambie kabla sijaondoka tena.

Jumapili moja nyumba ya Mama Kathini ilikuwa imetulia. Chai jikoni, redio ikiimba, na Kathini, msichana wa kidato cha nne, akipiga pasi blauzi ya kwaya. Alipoivaa, kifua kikalowa. Mama akasogea, akaangalia. Ni maziwa.

"Siku zako uliona lini?"

"Tangu mwaka jana sijaona, mama. Na kichwa kinaniuma kila siku."

"Mtoto umemtupa wapi?"

"Mtoto gani? Mimi sijawahi lala na mwanaume!"

"Ngai! Maziwa inatoka kwa mawe?"

Jirani yao Phylis akasema msichana apelekwe hospitali. Mama akakataa. "Niende kujipaka aibu? Nimezaa wanne, hii kitu siijui?" Akamtoa shule, akamficha kule Kimana kwa mjomba wake Musila, avune vitunguu shambani.

Mimi nilikuwa kibarua shamba hilohilo. Wasichana wenzake walimcheka: "Mama Hewa, mtoto analia huko!" Yeye aliinama akaendelea kuvuna. Lakini tulimwona akiacha vitunguu vya pembeni bila kuving'oa, akigonga watu, na siku moja akaanguka ndani ya mfereji mchana peupe.

"Wewe, hauoni?" Musila akamuuliza akimtoa matopeni.

"Mbele naona, mjomba. Kando ni giza."

Musila hakungoja ruhusa ya dada yake. Akampeleka hospitali. Wakapima mkojo: hakuna mimba. Wakamkagua: hajawahi kuzaa. Wakapima damu, wakampiga picha ya kichwa. Kulikuwa na uvimbe chini ya ubongo, unafinya mishipa ya macho. Huo ndio ulileta maziwa, na huo ndio ulifunga hedhi. Daktari akamwanzishia tembe za kuupunguza uvimbe.

"Mngekuja mapema," akasema, akimulika jicho la kushoto.

Maziwa yamekauka. Hedhi imerudi. Jicho la kushoto halijarudi. Siku hizi Kathini amerudi nyumbani, na wakivuka barabara ya Namanga, mama hutembea upande huo wa kushoto, amemshika mkono.

Funzo

Hedhi ikipotea miezi mitatu, nendeni mkapime. Mimba ni sababu moja tu. Kukonda sana, mawazo mengi, ugonjwa wa tezi, hata uvimbe kama huu, vyote husimamisha damu. Mzazi, pima kwanza, ndio uongee. Aibu uliyoogopa haikuwako. Jicho lilikuwako, likapotea.