Mlinzi Aliyeambiwa Abaki

Fundi alipowasha mchezo asubuhi ile, binti yake hakuwa pale alipomwacha.

Siku zote alimkuta kando ya ziwa, kofia nyekundu kichwani, mfuko mgongoni, uso ameuelekeza majini. Kilikuwa kikaragosi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, lakini jina lake lilikuwa jina la binti yake mkubwa. Hapo kando ya ziwa ndipo mtoto mwenyewe alipomsimamisha mara ya mwisho, akiwa kitandani hospitali, kabla hajamkabidhi baba yake kifaa na kumwambia, "Usinisogeze, Baba. Nitaendelea nikipona."

Hakupona, na baba mtu hakumsogeza. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana aliwasha, akasikiliza kale kamuziki, akamtazama mwanawe amesimama, kisha akazima.

Asubuhi ile alimkuta msituni, amempa mgongo.

"Labda umebonyeza bila kujua," mkewe alisema kutoka jikoni, wala hakuja kutazama. Tangu msiba hakuwahi kukitia machoni kifaa kile. "Mikono yenyewe minene hiyo."

"Mikono hii inashika waya mwembamba kuliko unywele, mke wangu."

"Basi kaulize huo waya."

Fundi alijaribu kucheka. Alizima, akakifungia kifaa kwenye droo, na kutwa nzima akawa anaitazama ile droo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukamata viumbe na kuwafuga. Wengi walikuwa wa kawaida, wamejaa nyasini kama panzi. Lakini walikuwamo wachache ambao katika mchezo mzima kila mmoja alikuwa peke yake wa aina yake. Hao ukiwapiga kupita kiasi wakafa, ndiyo basi. Wakikuponyoka, huwaoni tena. Binti mkubwa alimaliza likizo nzima akimwinda mmoja wao: mnyama wa rangi ya jivu, mrefu kuliko miti, mwenye pembe zilizowaka kama makaa, ambaye akipita pangoni pango lote linaangaza. Siku aliyomnasa alipiga kelele hadi mama yake akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani mtu kaungua. Akampa jina Mlinzi. Mdogo wake, ambaye kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi walimwita Chiriku, akazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba dada yake amefuga zimwi na kwamba halitaki kuona watoto wa jirani.

Kosa la Fundi lilitokana na ufundi wake. Alijua kwamba kaseti za michezo ya zamani kama ile hushika kumbukumbu kwa nguvu ya kibetri cha mviringo, kama cha saa, kilicholehemiwa ndani. Kibetri kikifa, kila kitu kinafutika: kofia, ziwa, jina. Na kibetri kile kilikuwa kizee. Wazo hilo lilimkosesha usingizi mpaka akaamua kukibadili. Kazi hiyo inawezekana, ila inataka roho ngumu: unaunga kwanza nyaya za betri nyingine pembeni ili umeme usikatike hata kidogo, ndipo unapong'oa ya zamani na kuweka mpya. Mkono ukiteleza, umepoteza.

Sasa, Fundi alikuwa na mazoea ya kuzungumza na vitu anavyotengeneza. Hakuweza kufanya kazi kimya. Wateja walimzoea na kumtania.

"Fundi, leo redio imekujibu?"

"Imejibu. Imesema mwenye mimi hanipangusi vumbi."

Hivyo mchana aliobadili kibetri, siku moja kabla ya asubuhi ile, alizungumza pia. Jasho lilimtiririka, risasi ya kulehemia iliyeyuka, kile kibetri kizee kikaanza kuachia, naye akanong'ona bila kufikiri, "Baki. Baki, mwanangu, usiende. Ukibaki humu nitakupa chochote unachotaka. Chochote." Mkono haukuteleza. Kibetri kipya kikashika. Fundi akaegemea ukuta akalia kwa furaha, asijue ni nani mwingine aliyekuwa amemsikia.

Kilichofuata ni harufu. Fundi alizijua harufu zote za kuungua, kwa kuwa waya una yake, plastiki ina yake, na vumbi la redio lina yake. Hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa harufu ya manyoya yaliyopitishwa motoni, na ilitoka kwenye droo, ikapita ukumbini, ikatulia chumbani kwa Chiriku.

Kisha sauti. Katika mchezo ule kila kiumbe ana mlio wake, na mlio wa Mlinzi ulianza chini, kama meza nzito inayokokotwa sakafuni, ukapanda na kuishia kwenye mbinja nyembamba. Jioni moja wakiwa mezani waliusikia. Fundi alikwenda kufungua droo. Kifaa kilikuwa kimezimwa, baridi kama jiwe.

"Ni nini hicho?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Meza ya jirani."

"Jirani kasafiri, baba watoto."

Chiriku hakuuliza kitu. Alikuwa anautazama mlango wa karakana kama mtu anayesubiri kuitwa.

Tangu siku hiyo ukimya ukamwingia. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali hata mdomo ukiwa umejaa chakula, sasa ukimwita anageuka taratibu, mwili mzima kwa pamoja, na kusimama akikukabili.

"Leo hajasema neno hata moja," mkewe alimwambia Fundi.

"Si wewe uliyekuwa ukiomba anyamaze?"

"Niliomba anipumzishe masikio. Sikuomba awe hivi." Akautazama mlango wa chumba cha Chiriku. "Nimewahi kumwona mmoja akininyamazia hivi, mume wangu. Usinifanyie mzaha."

Umeme ulikatika siku iliyofuata, giza likiwa ndio linaingia. Fundi, akitafuta mwanga na labda akitafuta pia kisingizio, alifungua droo akawasha kifaa, na mwanga wake hafifu ukamwonyesha binti mkubwa amesimama ndani ya pango, amegeukia ukuta, na bila kujua anafanya nini akaweka kidole kwenye kitufe cha kulia ili walau amgeuze amwone uso. Akasikia nyayo chumba cha pili. Akaondoa kidole, nyayo zikakoma. Akabonyeza tena, na nyayo zikaanza tena, nyepesi, za mtoto asiyevaa viatu, halafu zikagota kitu, tum, tum, tum, kwa mwendo uleule usiochoka ambao kikaragosi hugota ukuta mchezoni mtu asipoachia kitufe. Akaenda kwa kupapasa na kifaa mkononi, kidole kimemganda pale kilipokuwa kwa sababu hofu ilikuwa imekisahau. Mwanga ulipofika chumbani akamwona Chiriku ameweka paji la uso ukutani, macho wazi, miguu ikitembea palepale, tum, tum, tum, ngozi ya paji ikiwa imeanza kuchubuka, na mama yake amemkumbatia kiunoni akimvuta kwa nguvu zake zote bila kumsogeza hata inchi moja.

"Achia!" mkewe alipiga kelele. "Chochote unachofanya, achia!"

Fundi akaachia. Mtoto akaanguka mikononi mwa mama yake kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Na kwenye kioo cha kifaa, ndani ya kile kisanduku cha chini ambamo mchezo huandika maneno yake, yakatokea maneno ambayo hakuna mtengenezaji wa mchezo aliyeyaandika.

NIMEBAKI.

Kisha, baada ya kitambo:

ULISEMA CHOCHOTE.

Kisha:

NATAKA YULE ANAYESEMA SANA.

Shangazi wa mkewe aliletwa asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mtu wa maneno machache, na kwa miaka mingi watu walimwita wakiwa na mambo ambayo daktari ameyashindwa. Hakuja na makeke. Alikaa kwanza na Chiriku, akamnusa nywele, akamfungua kiganja na kukifunga. Kisha akaingia karakana, akasimama mbali na droo.

"Yuko humo," alisema. "Na si mdogo. Hawa wakubwa hawaingii nyumba ya mtu kama wezi. Hukaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Fundi akaeleza yote. Hakuficha hata lile neno la mwisho.

"Chochote," Shangazi alirudia. "Mwanangu, wewe hukumkaribisha tu. Umempa na kiti."

"Nilikuwa nasema na mtoto wangu."

"Najua. Naye alikuwa karibu, akajibu yeye. Kajivika sura ya yule mnyama kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote humo." Akavua miwani akaifuta. "Nieleze kama fundi. Anashikwa na nini?"

"Kumbukumbu. Ile betri ndiyo inayoishika."

"Ikitoka?"

"Inafutika yote."

"Na yule marehemu wetu, naye yuko wapi?"

Mkewe ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni na Chiriku mgongoni. "Humo humo, Shangazi."

"Hakuna njia ya kumtoa mmoja?" Fundi aliuliza. "Mimi naweza kunakili. Nipe siku chache, nitafute vifaa, nihamishe..."

"Utamhamisha na yeye. Na mtoto huyu hana siku chache. Mtazame."

Midomo ya Chiriku ilikuwa inasogea bila sauti. Kutoka kwenye droo, kwa chini kabisa, sauti ya Chiriku mwenyewe ilikuwa ikisema, ikisema, ikiuliza maswali yake yote.

"Si mtoto wetu yule," mkewe alisema. "Ni picha. Mmoja nimemzika, wa pili sitamzika kwa ajili ya picha."

"Ungekuwa unaitazama kila asubuhi usingesema ni picha."

"Ndiyo maana sikuitazama!"

Mkewe akamkabidhi Shangazi mtoto, akavuta droo kwa mkono wake mwenyewe, akawasha. Alisimama pale akitazama. Binti mkubwa alikuwa pangoni, kofia nyekundu kichwani, na nyuma yake pembe mbili zikiwaka.

"Ana mfuko," alisema taratibu. "Hukuniambia ana mfuko." Akaupitisha mkono kwenye kioo kama anayepangusa vumbi. Kisha akazima, akachomoa kaseti, akaiweka juu ya meza ya kazi. "Kata."

Fundi alifungua kaseti. Alipasha moto chuma cha kulehemu, akangoja kipate moto, akakifuta kwenye kitambaa kibichi kama alivyofundishwa ujanani. Harufu ya manyoya ilijaa chumbani hadi wakakohoa, bisibisi zikaanza kugongana ukutani zilikoning'inia, redio zote za wateja, zile mbovu na zile zisizo na betri, zikaanza kunguruma kwa pamoja, na katikati ya mngurumo huo ule mlio wa meza inayokokotwa ukapanda, ukapanda, usifike kwenye mbinja yake.

"Mwambie," Shangazi alisema kwa sauti iliyotulia. "Wewe ndiye uliyemwambia abaki. Mwambie wewe."

Fundi aliweka ncha ya moto kwenye risasi. Ikang'aa, ikalainika. Alijua neno analotakiwa kulisema, na alijua kwamba neno ni moja na wanaolisikia humo ndani ni wawili, na hana namna ya kumwambia mmoja aende bila mwingine kudhani ni yeye anayefukuzwa na baba yake.

"Nenda," alisema.

Kibetri kikaachia, kikaviringika mezani, kikalala.

Redio zikanyamaza zote. Harufu ikakatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Mikononi mwa Shangazi, Chiriku alilia, kilio kikubwa cha mtoto aliyeumia paji la uso na anamtaka mama yake. Mama yake akampokea akacheka, akalia, akacheka tena. Fundi alibaki amekaa na chuma cha moto mkononi mpaka Shangazi alipokuja kukichukua na kukizima.

Asubuhi iliyofuata maneno yalirudi. Chiriku aliuliza kwa nini paji lake lina bandeji, kwa nini Shangazi hutembea na miwani kichwani wakati macho yako chini, kama samaki hunywa maji au hujisahau tu, na kama anaweza kupewa mkate wa pili. Akapewa wa pili na wa tatu. Kisha akamfuata baba yake karakana, akapanda mapajani mwake kama alivyozoea zamani.

"Baba, kule kwa Dada kuna giza sana."

Fundi aliinamisha uso kumtazama. "Kule wapi?"

"Kule. Nilikuwa nasikia anaongea, halafu nikawa namwona kidogo." Alikuwa akichezea kifungo cha shati la baba yake. "Hakuwa anaogopa. Yule mkubwa alikuwa ana taa za kichwani, anatangulia, Dada anamshika manyoya ili asipotee. Alinitaka mimi kwa sababu Dada alisema amemiss makelele yangu."

"Yule alikuwa mbaya, mama. Alitaka kukuchukua."

"Ndiyo." Alifikiri kidogo. "Alikuwa mbaya kwangu. Kwa Dada hakuwa mbaya."

Mkewe alikuwa amefika mlangoni na kikombe cha chai, amesimama, na chai ilikuwa inamwagika kidogo kidogo mkononi mwake bila yeye kuhisi moto wake.

"Na sasa mmemfukuza," Chiriku alisema, akainua uso kumtazama baba yake, bila lawama, kwa udadisi wake uleule wa siku zote. "Sasa Dada anamshika nani?"