Kipima Gesi Kilichofunzwa Uongo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mvuke Tiria alipoambiwa akijaribu kipima gesi cha Huhana. Kazi ndogo tu, ya kumaliza zamu.

Pale Rotorua, mji wa chemchemi za moto, wenyeji hawasikii tena harufu ya mayai viza, harufu ya gesi inayoua. Ardhi inaipumua mchana na usiku, na watoto wanazaliwa ndani yake. Kwa hiyo kwenye visima vya mvuke pua ya mtu haiaminiwi. Kipima hubanwa kifuani, lakini kwanza kinafunzwa hewa safi kutoka kwenye mtungi, maana ya nje si safi. Kisha kinapuliziwa gesi kidogo ya mtungi wa pili. Kikilia, kizima.

Wageni hukosea hapo. Hukiwasha nje na kukiambia kwamba hii ndiyo sifuri. Kikishazoea sumu, hakiioni tena.

Tiria alikuwa amewaonya wote karakanani juu ya kosa hilo, hata Huhana, binamu yake. Na sasa Huhana ndiye msimamizi. Jumapili nyanya yao, Bibi Ripeka, alimvisha shingoni jiwe la kijani la ukoo mbele ya jamaa wote, Tiria akiwa jikoni anasugua sufuria. Leo Hoani, dereva, alimtania kutwa nzima kwamba sasa ajifunze kumwamkia mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfunza kufunga buti. Tiria alicheka naye. Kisha akakichukua kipima.

Aliipita mitungi. Hakusimama.

Nyuma ya karakana kulikuwa na ufa unaotoa mvuke, mahali pa mwiko, ambapo hakuna anayekula wala kuketi. Alikishikilia kipima juu yake, akabonyeza kitufe. Namba zilipanda... zikasita... zikashuka.

Sifuri.

Akabandika kibandiko cha kijani cha kuonyesha kimejaribiwa.

Ndipo harufu ikamjia. Mayai viza. Nzito, ya moto, ikamwingia mpaka kwenye meno. Maisha yake yote hakuwahi kuisikia.

"Umekifunza nini?"

Ng'ambo ya ufa alikuwa ameketi bibi kizee, amejizungushia majani mabichi kichwani kama wafanyavyo wafiwa wa huko. Tiria hakumjua, na pale wote wanajuana.

"Hewa safi, bibi," alinong'ona.

"Mwongo," bibi alisema, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Cha nani hicho? Nitajie jina tu."

Jina la mtu halitajwi mahali kama pale. Yeye na Huhana walikuwa wameambiwa hivyo tangu wakiogeshwa beseni moja. Lakini Tiria aliliona akilini lile jiwe la kijani likining'inia kwenye shingo isiyo yake, na mdomo ukafunguka.

"Huhana."

Mvuke ukatanda. Ulipopungua, hapakuwa na mtu.

Huhana alikipokea kipima mlangoni. Alimshukuru, akamwita dada, akaondoka kwenda kukagua shimo la mabomba kule juu. Tiria alijimiminia chai. Ilikuwa na ladha ya mayai viza. Akamimina nyingine.

Ile ile.

Akaitupa, akakimbia.

Alimkuta Huhana ameshafungua mfuniko na kujifunga kamba ya usalama, ila bado hajaiunga kwenye nguzo. Shimo lilikuwa nyuma yake, hatua chache. Upepo wa ziwani ulivuma safi kati yao.

"Huhana, usi—"

Kipima kikalia.

Tiria akaganda. Alikuwa amekiziba masikio mwenyewe. Hakikupaswa kusikia chochote.

"Nisikilize, hicho..."

Kikalia tena, kwa nguvu zaidi, taa nyekundu ikimpiga Huhana kidevuni. Huhana akafanya alivyofunzwa, na aliyemfunza ni Tiria: kikilia, usibishane nacho, rudi nyuma. Akarudi hatua moja. Alitazama namba, akamtazama Tiria mdomoni. Akarudi nyingine.

"Simama!"

Kelele. Hatua.

Kisigino chake kiligusa ukingo wa shimo.

Tiria akaelewa: kilikuwa kinalilia pumzi yake. Akafumba mdomo. Aliubana kwa kiganja, asipumue hata kidogo, akaruka, akamkamata binamu yake kwa ovaroli na kumvuta ubavuni. Wote wawili wakaanguka kwenye changarawe.

Kimya. Kipima kilionyesha sifuri.

Walilala pale, uso kwa uso, kama zamani kitanda kimoja. Huhana alipoanza kusema, alisema kwa kunong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na shimo.

"Kuna bibi nilimkuta jana nyuma ya karakana. Aliniuliza jina la mtu."

Tiria akaurudisha mkono mdomoni.

"Nikamtajia lako." Machozi yalimteremka mpaka kwenye jiwe la kijani. "Bibi Ripeka kanipa hili, basi. Akiota vibaya anakuita wewe. Nywele unamchana wewe. Mimi sijawahi kuitwa hata siku moja, Tiria. Hata siku moja."

Mvuke ulipanda mlimani, ukawapita, ukaenda zake. Huhana akapangusa pua. Kisha macho yake, kama ya mtu aliyekumbuka kitu, yakatulia juu ya kile kibandiko kipya cha kijani.

"Na wewe?" akauliza. "Ulimkuta?"

Tiria alifungua mdomo aseme hapana.

Kipima kikalia kabla ya neno kutoka.